Goti la Kombora

Watu wengine wana shamba, wengine wana duka. Kombora alikuwa na goti. La kulia. Goti hilo lilikuwa na kiti chake, mto wake wa kuegemea, dawa yake ya kuchua na mtumishi wake. Mtumishi ndiye mkewe, mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na nne mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakawa wanamwita Dobi.

Dobi hakuolewa na goti, tuseme ukweli. Aliolewa na mwanamume mwenye miguu miwili, winga wa timu ya kiwanda cha sabuni, kijana mwenye shuti zito kiasi kwamba kipa mmoja aliudaka mpira wake akavunjika kidole. Ndipo jina la Kombora lilipotoka. Mwaka wa pili wa ndoa akakwatuliwa kwenye mechi, akatolewa uwanjani amebebwa juu juu kama bibi harusi. Goti likavimba kama tikiti. Akaitwa mzee mmoja wa kuchua viungo, akalipapasa, akafumba macho, akasema, "Kamba ya ndani imekatika. Huyu asibebe kitu, asipande, asichuchumae, maisha yake yote."

Hakuna aliyemuuliza ameiona kamba ya ndani kwa macho gani.

Basi Kombora akakaa. Alikaa miaka thelathini na moja.

Walikuwa wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, ghorofa ya nne, ngazi sitini na nne, lifti hamna. Pampu ya maji ilikuwa ikifa kila wiki, na ikifa, ndoo zinapanda kwa kichwa cha Dobi. Mtungi wa gesi ukiisha, unashuka kwa bega lake na kupanda kwa bega hilo hilo. Watoto wawili aliwapandisha, mmoja mgongoni, mwingine tumboni. Na siku Kombora akitaka kushuka kupunga upepo, anamwegemea mkewe, ngazi moja, "aaah", ngazi nyingine, "aaah", na majirani wanapisha kwa heshima kama jeneza linapita. Bega la kushoto la Dobi limeshuka. Ukimtazama kwa nyuma utadhani anasikiliza kitu ardhini.

Kwa goti hilo Kombora alikosa misiba yote ya upande wa mkewe. Harusi za upande wake hakukosa hata moja. Harusini, alisema, kuna viti.

Mwaka wa nne wa goti, matroni alishuka kule chini kwenye kufulia, akasimama katikati ya mvuke na kitambaa puani, akasema anataka wanawake wawili wanaojua kusoma. Wapelekwe mafunzo mwaka mzima, walale huko huko, wakirudi wafanye kazi chumba cha upasuaji. Akamchagua Dobi na shoga yake waliyekuwa wakikamua naye mashuka, huyu anashika ncha hii na yule ile. Dobi alipanda ngazi siku hiyo kama hana mwili.

"Nenda, mke wangu," Kombora akasema. "Nenda kasome. Mimi nitajikokota." Akasema hivyo mkono ukiwa juu ya goti, jicho likiwa juu ya ndoo.

Nani angekwenda? Shoga akaenda peke yake. Akarudi na viatu vyeupe, akawa anaitwa Sista. Dobi akabaki chini, akifua damu ya mambo ambayo mwenzake alikuwa akiyaona juu.

Sasa ikaja Jumatano moja. Dobi katoka zamu, kapanda, kafungua mlango, kamkuta mumewe kalala bafuni, goti limekunjwa halikunjuki, uso umekuwa rangi ya jivu.

"Nimeteleza, mke wangu!"

Bafu lilikuwa kavu. Maji yalikuwa yamekatika tangu juzi. Dobi aliliona hilo akalipita, maana mwanamke aliyechoka hapelelezi. Akaita wanaume wawili wa ghorofa ya tatu, wakamteremsha, wakampeleka hospitali, akalazwa mpaka asubuhi.

Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye masikio makubwa na mikono myepesi. Aliligeuza goti huku na huku, Kombora akapiga kelele. Kisha akatoa utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani, akapima paja la kulia, akapima la kushoto, akatazama utepe, akapima tena.

"Mguu huu huwa unautumia, mzee?"

"Hautumii," Dobi akajibu. "Mwaka wa thelathini na moja huu."

Daktari akasema "mm", akakunja utepe.

Akawaeleza. Kati ya mifupa ya goti kuna vipande vya gegedu, kama mito. Kimoja kimechanika kikajikunja katikati, kama mkeka ulioingia chini ya mlango. Mlango haufungi wala haufunguki. Atatoboa vitundu viwili, kimoja cha kupitisha kamera nyembamba kama kalamu, kingine cha mkasi, akitoe kile kipande. "Ganzi tutakuchoma hapo hapo gotini. Utakuwa macho, utajionea mwenyewe kwenye tivii. Jioni unakwenda kwako."

"Nipigeni nusu kaputi," Kombora akasema.

"Nusu kaputi ina foleni ya wiki tatu. Na kwa goti lililoumia jana hivi, haina haja. Ganzi inatosha."

"Naogopa damu, daktari."

"Damu kidogo sana, mzee. Tutakachopitisha humo ni maji."

Hapo Dobi akavuta kiti. Alikuwa na jambo lake, na jambo hilo hakulala nalo usiku mmoja tu. "Daktari, mwanangu," akasema. "Ukishakuwa humo ndani, nitazamie na ile kamba yake ya zamani. Kama inaungika, iunge. Mimi nastaafu mwezi wa sita. Magoti yangu mwenyewe yamekwisha, yanalia kama bawaba. Siwezi tena kumpandisha mtu. Nitazamie tu, nikupigie magoti kama bado yanapigika."

Kombora akainuka kitandani utadhani kakalia mkaa. "Ya zamani iacheni! Imeshazoea!"

"Kamba haizoei kukatika, mzee," daktari akasema. "Nitaitazama, mama."

Basi asubuhi yake Dobi akaingizwa. Hakuna ndugu anayeingizwa chumba cha upasuaji, lakini Sista ndiye aliyekuwa wa kushika mguu, akasema mgonjwa yuko macho, ana wasiwasi, akae mkewe kichwani amtulize. Akamvalisha gauni la kijani. Dobi alilijua lile gauni. Alikuwa amelifua Jumatatu, kifungo cha nyuma alikitia yeye. Miaka thelathini na nne anafua nguo za chumba kile, siku hiyo ndiyo aliona chumba chenyewe. Kidogo kuliko alivyodhani. Baridi. Taa kubwa, tivii juu ya meza ya magurudumu, ndoo chini ya kitanda ya kukinga maji.

Kombora kalazwa, mguu unaning'inia ukingoni, goti limepakwa dawa ya kahawia. Daktari akachoma ganzi hapa, akachoma pale, akaingiza sindano ndefu mpaka ndani. Kombora akamkaba mkewe mkono.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kama ninavutwa."

"Kuvutwa siyo kuumwa. Sista, taa."

Tivii ikawaka. Kwanza ukungu, kisha picha ikakatakata, kisha kukawa na chumba kingine ndani ya chumba: kuta nyeupe zinazong'aa kama ndani ya nazi changa, maji yanapita, na katikati kitambaa kinapepea. Ndicho kile kipande. Daktari akaingiza kimkasi, akakimega, akakimega tena, akakivuta nje, akakionyesha. Kidogo kama ukucha. Goti likakunjuka lenyewe.

"Hicho tu?" Kombora akafurahi. Maneno yakamtoka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Sista, nihifadhie nikawaonyeshe wajukuu! Mke wangu, umeona? Hata sikulia!"

"Nimeona," Dobi akasema. "Daktari, ile kamba."

"Ndiyo, mama. Twende kwenye kamba yako."

Kombora akageuza uso ukutani.

Kamera ikazunguka. Dobi alikuwa ameegemea ukuta, magoti yake hayakubali kusimama pale saa nzima, lakini shingo aliinyoosha kama mtu anayengoja jina lake kuitwa. Ikatokea. Kamba nene, nyeupe, imelala mshazari kati ya mifupa. Daktari akaipitishia ndoana, akaivuta. Haikulegea. Akaivuta tena, ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo mpya.

"Mama, nani alisema hii imekatika?"

"Mzee wa kuchua viungo."

"Alikosea. Hii haijawahi kukatika. Ikikatika haijiungi yenyewe ikawa hivi. Inanyauka, inabaki kisiki. Tazama inavyong'aa." Akazungusha kamera, kijana wa watu, amefurahia kazi yake. "Na gegedu lote lililobaki safi. Mzee ana miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa," Sista akajibu.

"Goti la mtu wa miaka thelathini hili. Limetunzwa. Hongera sana, mama."

Maji yakawa yanadondoka kwenye ndoo. To. To.

"Labda ni lile la kushoto," Dobi akasema. Ndiyo, alimtafutia. Baada ya yote hayo bado alimtafutia mumewe goti la kumsitiri.

"La kushoto ni zima, mama, nililipima jana. Na mapaja yote mawili yako sawa, yamekaza. Mtu asiyekanyagia mguu paja lake husinyaa." Kisha daktari akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Mchaniko huu lakini siyo wa kuteleza. Ni wa kujipinda huku mguu umekita chini. Huu huwapata wacheza mpira. Mzee, bado unapiga mpira?"

Kombora alikuwa amefumba macho.

"Amelala," Sista akasema polepole.

"Atalalaje?" Dobi akasema. "Hakupigwa nusu kaputi."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuijua njia ya Kombora. Yake ilikuwa na miaka thelathini na moja na ngazi sitini na nne, na aliyeitembea alikuwa mwingine.

Wakamtoa, wakamweka kwenye benchi la kupumzikia, goti limefungwa bendeji, chai mkononi. Dobi akaketi mbele yake. Hakupiga kelele. Waliokuwa karibu walisema baadaye ni heri angepiga.

"Lini lilipona?"

"Mke wangu, watu wanasikia."

"Wasikie. Wamenisikia nikihema miaka yote hii. Lini?"

Kombora akainamia chai. "Mwanzo liliuma kweli. Haki ya Mungu. Miezi miwili. Kisha likapungua, nikasema Jumapili nitakwambia. Jumapili ukanipikia, ukanichua, ukaniita shujaa wangu. Nikasema nitakwambia Jumapili nyingine. Kadiri nilivyokawia ndivyo lilivyozidi kuwa gumu. Nilikuwa na haya."

"Una haya ngumu wewe. Na mpira?"

"Jumatano tu. Na wazee wenzangu, nyuma ya ghala. Ukiwa zamu."

"Ukashuka na kupanda ngazi zile."

"Kidogo kidogo."

"Na juzi?"

"Juzi wenzangu walinipandisha mpaka juu. Wakaniweka bafuni, wakanivua viatu, wakaondoka navyo. Hatukukumbuka kwamba maji yamekatika."

"Viatu vinakaa wapi?"

"Kwa fundi viatu."

Fundi viatu huyo anakaa chini ya ngazi zao. Kila asubuhi Dobi akishuka, fundi alikuwa akimwambia, "Pole na mgonjwa, mama!" Sindano mkononi, kiatu cha Kombora mapajani.

"Na jezi? Mimi nina pua. Jasho la mpira ningelijua."

Kombora akanong'ona. "Dada alikuwa ananifulia."

Hapo ndipo Dobi alipotazama pembeni. Mwanamke amefua hospitali nzima, vidonda vya watu asiowajua, watoto wa watu asiowajua, halafu jezi ya mumewe inafuliwa kwa wifi yake mkubwa, ng'ambo ya barabara, inaanikwa uani ili asiione. Mtaa ulijua. Wifi alijua. Walikuwa wakimtazama akipita na mtungi wa gesi begani, wakinyamaza.

Akabaki na swali moja. Alilichelewesha, maana jibu alikuwa nalo.

"Matroni alipokuja kunichukua. Mwaka ule. Lilikuwa limeshapona?"

Kombora akaitazama bendeji, akaitazama tena, kama imeandikwa kitu.

"Lilikuwa limepona," akasema.

Sista alikuwa mlangoni na viatu vyake vyeupe. Akaondoka kimyakimya.

Saa hiyo hiyo nani anaingia? Wifi mkubwa, chupa ya uji kwapani, kilio kimetangulia. "Pole kaka yangu! Pole mgonjwa wetu! Wifi, umemfanya nini mbona ana uso hivyo?"

"Wifi, umekuja wakati wake," Dobi akasema. "Mchukue."

"Nimchukue nani?"

"Kaka yako. Kwako ni chini, hakuna ngazi. Na jezi iko huko huko."

Wifi mkubwa akamtazama kaka yake, kaka yake akatazama dirisha. Mwanamke yule akaelewa, lakini wa aina yake hawakosi neno. "Eti ndiyo uvunje nyumba kwa mpira? Wanaume wote wana lao, wifi. Wangu alikuwa na wanawake, sikusema. Wako alikuwa na mpira. Si ushukuru!"

"Wa kwako alikuwa akiwafuata kwa miguu yake, ukajua mume wako ana miguu. Mchukue."

"Mgonjwa huyu!"

"Daktari kasema anakanyaga leo leo. Muulize."

Akainuka, na kuinuka kwenyewe akashika benchi kwa mikono miwili. Kombora akanyoosha mkono kumsaidia, kisha akaurudisha, akaona haya. Haya zake huja zimechelewa siku zote. Dobi akatoka. Alipanda ngazi zake peke yake, akapumzika mara tano.

Tangu siku hiyo maneno yakaanza. Dobi ana roho ya jiwe. Dobi kamtupa mgonjwa na bendeji mguuni. Fadhila za punda ni mashuzi, lakini mtaani huwa punda ndiye anayeambiwa kajamba. Fundi viatu aliacha kumwambia pole, akawa anainamia kazi kila akimwona. Binti yao akapiga simu kutoka kwa mumewe.

"Mama, baba analia. Msamehe. Ni uongo tu, hakuua mtu."

"Mwanangu, uongo nimeshamsamehe. Uongo ni maneno. Nataka anirudishie ile miaka. Akiwa nayo, aje nayo."

"Sasa mama, miaka anairudishaje?"

"Ndiyo nami nashangaa nyie mnaniomba nini."

Wiki ya sita, Jumapili mchana, Dobi amekaa ndani anachambua mchele, akasikia watu chini. Sauti ya wifi mkubwa, sauti ya wazee wawili wa mpira, wamekuja kupatanisha. Wifi alikuwa anahema kuanzia ghorofa ya kwanza, anaapa kwamba hafiki. Wazee wakakaa naye pale kwenye ngazi wapumzike.

Nyayo za mtu mmoja zikaendelea kupanda. Dobi alizijua zile nyayo, ila alikuwa amezoea kuzisikia zikiburuzwa. Sasa zilikuwa zinakuja nyepesi, kulia, kushoto, kulia, kushoto, hazikosei, hazisimami. Ghorofa ya pili. Ya tatu. Akaacha mchele. Ya nne. Mlango ukagongwa.

"Mke wangu. Ni mimi."

Dobi akasogea mpaka mlangoni, hakufungua.

"Nimekuja mwenyewe," Kombora akasema kwa upande wa pili. "Nimebadilika. Maji nitapandisha mimi. Gesi mimi. Wewe utakaa kwenye kiti, mimi ndiye nitakuchua magoti. Nimekuletea na maji hapa, ndoo nzima, sijamwaga hata tone. Nifungulie."

Dobi akaweka mkono juu ya komeo.

"Umepumzika mara ngapi?" Dobi akauliza.

Mwanamume akafurahi kusikia sauti yake. Ilimjia sauti ile ya zamani ya uwanjani, ya mtu aliyefunga goli. "Hata mara moja, mke wangu! Nimepanda moja kwa moja!"

Dobi akasukuma komeo. Lilikuwa gumu, halijafungwa siku nyingi, akalisukuma kwa mikono yote miwili mpaka likaingia.

Kombora alisimama pale muda mrefu. Akaita mara mbili, akaweka ndoo chini mlangoni, akaondoka. Dobi akamsikiliza akishuka, ghorofa ya tatu, ya pili, mpaka kwa wale waliokuwa wakimngoja. Hata kushuka alishuka vizuri.